KUGHAFILIKA NA SILAHA

Hotuba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyositirika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ali zake, na Sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi Waislamu, ninakuusieni, na ninaiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kwani mcha Mungu ni yule anayetazama wapi anaweka mguu wake kabla hajauweka.

Maneno yetu ya leo yanamhusu mtu aliyeruhusiwa na sheria ya nchi kuchukua bastola. Ameivaa kiunoni chini ya kanzu au koti, au ameitia mkobani mwake, kisha akaingia nayo mahali palipokatazwa silaha: skuli, mahakamani, uwanja wa ndege, au nyumba ya ibada. Hakukusudia shari wala hakukusudia kuvunja sheria. Amesahau tu. Je, mtu huyu ana lawama? Na akikumbuka hali ameshaingia, afanye nini?

Huenda msikilizaji akasema: jambo hili liko mbali na sisi. Ni kweli kwamba hapa kwetu Afrika Mashariki wenye bastola za leseni ni wachache, nao ni baadhi ya wafanyabiashara, walinzi na askari waliovaa kiraia. Lakini wengi wetu tunao watoto na ndugu walioko Marekani, na huko raia katika majimbo mengi huweza kuchukua bastola iliyofichwa. Idara ya nchi hiyo inayosimamia usalama wa wasafiri, iliyoundwa mwaka 2001, ilitangaza kwamba katika mwaka 2023 ilikamata silaha za moto 6,737 katika vituo vya ukaguzi vya viwanja vya ndege, na katika mwaka 2024 ikakamata 6,678. Hesabu hiyo ni kiasi cha silaha kumi na nane kila siku. Na katika kila mia moja, zaidi ya tisini zilikuwa zimejazwa risasi. Wanapoulizwa wenyewe, jawabu linalosikika mara nyingi kuliko yote ni moja: nilisahau kwamba imo mkobani.

Ndugu Waislamu, tusiharakie kusema kwamba watu hawa wote ni waongo. Mwanadamu ni msahaulifu, na anachokivaa kila siku mwisho hakihisi tena. Mwenye miwani huitafuta miwani hali imo usoni mwake. Na dini yetu imeijua hali hii kabla ya sisi kuisema. Mwenyezi Mungu ametufundisha, mwisho wa Suratul Baqara, tumwombe asituchukulie kwa kusahau na kukosea kwetu. Na katika Suratul Ahzab, aya ya 5, ametubainishia kwamba lawama iko katika yale yaliyokusudiwa na nyoyo, si katika yale tuliyoyakosea. Basi aliyesahau kweli, asiyekusudia, tunataraji kwa Mola wake msamaha.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Hudhani kwamba dhambi ikiondoka, kila kitu kimeondoka. Sivyo. Tazameni Suratun Nisaa, aya ya 92, inayoeleza hukumu ya aliyemuua Muumini kwa kukosea. Mtu huyo hakukusudia, na aya yenyewe inasema ni kwa makosa. Pamoja na hayo yamewajibishwa mambo mawili: diya ipelekwe kwa watu wa aliyeuawa, isipokuwa wakisamehe wenyewe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Kwa nini haya yote, ilhali hakukusudia? Kwa sababu roho ya mtu imepotea, na udhuru wa aliyeua haumrudishi maiti kwa watoto wake. Udhuru humfaa mtu mbele ya Mola wake. Risasi haina habari ya udhuru.

Kwa hiyo tunauliza swali jingine: kabla hajasahau, alifanya nini ili asisahau?

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha jambo hili kwa mfano ulio wazi. Wamepokea Maimamu Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alipita msikitini na mishale, Mtume akamwamrisha azishike ncha zake kwa mkono. Na katika riwaya ya Abu Musa al-Ash'ari amri hiyo imefanywa ya watu wote: anayepita na mishale katika misikiti yetu au katika masoko yetu, azishike ncha zake, asije akamdhuru Mwislamu yeyote.

Zingatieni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Mtume hakumwuliza mtu yule una nia gani. Hakumtuhumu. Wala hakutosheka na kumwambia ajihadhari na akumbuke. Alimwamrisha aweke mkono wake juu ya chuma. Na mwenye kushika ncha ya mshale kwa kiganja chake hawezi kuusahau mshale huo, kwa kuwa akighafilika, wa kwanza kuchomwa ni yeye mwenyewe. Hii ndiyo hekima ya amri hii: hatari imeondolewa kwa watu wapitao, ikawekwa mkononi mwa mwenye silaha. Anayetaka kuchukua silaha, na abebe yeye taabu ya kuikumbuka; asiwabebeshe watu wengine hatari ya kuisahau.

Na katika mlango huu huu imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba Mtume amekataza kupeana upanga uliochomolewa alani. Na imepokewa kutoka kwa Abu Huraira katazo la kumwelekezea ndugu yako silaha, hata kwa mzaha, kwa kuwa hujui: huenda Shetani akauvuta mkono wako. Hukumu zote hizi zimejengwa juu ya msingi mmoja, nao ni kwamba mkono wa mwanadamu si wa kuaminiwa uachwe peke yake pamoja na silaha.

Ama mahali palipokatazwa silaha, nalo si jambo jipya lililozuliwa na serikali za leo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alikataza kuchukua silaha Makka. Na katika Sahihi Bukhari, Sa'id bin Jubair anasimulia kwamba Abdullahi bin Umar alichomwa na ncha ya mkuki katika uvungu wa unyayo wake pale Mina, mguu ukagandamana na kikuku cha kupandia mnyama, mpaka Sa'id akashuka akaichomoa. Habari ikamfikia al-Hajjaj, aliyekuwa amiri. Akaja kumzuru mgonjwa, akasema kwamba laiti angelimjua aliyemdhuru. Ibn Umar akamjibu kwamba aliyemdhuru ni yeye al-Hajjaj: ameruhusu silaha katika siku isiyochukuliwa silaha, na ameiingiza katika Haram, nayo Haram haikuwa ikiingizwa silaha.

Angalieni jawabu la Sahaba huyu mtukufu. Hakuanza kumtafuta mshika mkuki katika msongamano ule. Alilirudisha kosa mlangoni. Silaha ikishaingia pale ambapo watu wamekaa kwa amani, wamebanana bega kwa bega na hakuna anayejilinda, madhara yake ni suala la wakati tu.

Na mkitaka mfano wa aliyetekeleza, tazameni mwendo wa Mtume mwenyewe. Katika mapatano ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, ilishurutishwa kwamba Waislamu watakapoingia Makka mwaka ufuatao, wasiingie na silaha ila panga zilizomo alani. Mwaka wa 7 ulipofika, vitabu vya sira vinaeleza kwamba silaha nyingine ziliachwa bondeni nje ya Makka, na kikundi cha Sahaba kikawekwa kuzilinda. Walikuwa wanaingia mji wa adui zao, na walikuwa na kila sababu ya kuogopa. Lakini ahadi ni ahadi. Na silaha ziliwekwa kabla ya kufika mlangoni.

Nayasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu.

Hotuba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Enyi Waislamu, yuko atakayesema: zama zetu ni za hofu, misikiti imeshambuliwa. Na ni kweli. Mjini Quebec, Kanada, tarehe 29 Januari 2017, watu sita waliuawa msikitini baada ya sala. Huko Christchurch, New Zealand, tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa kama hii, waliuawa watu hamsini na mmoja. Mwenyezi Mungu awarehemu. Basi ulinzi haukatazwi. Suratun Nisaa, aya ya 102, imeeleza sala ya wakati wa vita, nayo imeamrisha silaha zichukuliwe. Lakini tazameni namna gani: kundi moja linasali na kundi jingine linalinda, kwa zamu na kwa mpango. Kisha aya hiyo hiyo inatuonya kwamba adui anatamani tughafilike na silaha zetu. Basi mlinzi aliyewekwa na kamati ya msikiti, kwa ruhusa ya sheria, mwenye kujulikana kazi yake, huyo anaikumbuka silaha yake kila dakika. Ama aliyeingia safuni na bastola asiyoikumbuka, akasujudu, ikamtoka kiunoni ikaanguka mbele ya watoto, huyo hakuwalinda wenzake. Huyo ndiye mghafala aliyeonywa.

Basi yashikeni haya, na mwafikishieni walio mbali kati ya jamaa zenu.

La kwanza: mkoba unaotiwa bastola usiwe mkoba wa safari abadan. Na kabla ya kufunga safari, mkoba umwagwe wote mpaka uonekane utupu wake, kisha upangwe upya. Kupapasa kwa mkono hakutoshi.

La pili: ijue sheria ya mahali kabla ya kutoka nyumbani. Mahali palipokatazwa hutofautiana nchi kwa nchi, na huko Marekani hutofautiana hata jimbo kwa jimbo. Kutojua humfaa mtu mara chache mbele ya kadhi. Msafiri wa ndege huko anaruhusiwa kusafirisha bastola kwa masharti: iwe haina risasi, imo katika sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, imetajwa kwa shirika la ndege, na imo katika mizigo inayopakiwa chini. Anayeipeleka kwenye ukaguzi anaweza kukamatwa na polisi, na faini yake ilipandishwa mwaka 2022 hata ikafika dola 14,950 kwa kiwango cha juu.

La tatu: akikumbuka hali ameshaingia, asiitoe, asiionyeshe, wala asiifiche chooni au chini ya kiti. Atoke kwa utulivu kwa njia aliyoingilia. Aliyesahau sala huisali mara anapokumbuka, wala hangoji. Na huyu pia asingoje. Na ikiwa ameshafika mbele ya mkaguzi, aseme kwa ulimi wake na aiache mikono yake mbali na mkoba. Katika uwanja wa ndege wa Atlanta, tarehe 20 Novemba 2021, abiria mmoja aliingiza mkono katika mkoba uliokuwa ukikaguliwa, bastola ikalia. Hakuna aliyepigwa na risasi, lakini watu walikimbia kwa kiherehere na watatu waliumia. Harakati moja ya mkono, na maelfu wakaingiwa na hofu ya mauti.

La nne: ajipime nafsi yake. Akiona kwamba amekwisha kuisahau bastola yake mara moja, basi na aijue hiyo kuwa ni onyo kutoka kwa Mola wake. Na aiache nyumbani chini ya kufuli mpaka awe na hakika na nafsi yake. Kuchukua silaha si faradhi juu yake; kutomdhuru Mwislamu na jirani ni faradhi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyasahau na tuliyoyakosea. Tuzindue kabla hatujamdhuru mtu, wala usiufanye uzembe wetu kuwa ni msiba wa watu wengine. Ihifadhi misikiti yetu, na skuli za watoto wetu, na masoko yetu, na safari za jamaa zetu. Wape subira waliofiwa, na utupe sote amani duniani na Akhera. Amin.