Waranti Ikiisha, Haki Haiishi
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



 Katika mikutano yetu tumezoea kusikia habari za karo, za mazishi na za nyumba za kupanga. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo mfukoni mwa karibu kila mmoja wetu, nacho ni simu. Pengine mzee mmoja atauliza: je, hayo nayo ni mambo ya chama cha ustawi? Twajibu kwamba ndiyo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, simu imekuwa kibeti chetu, na kwa wengi ni daftari la biashara pia. Michango ya chama hiki hupitia humo. Simu ikifa, mtu hapotezi chombo tu. Hupoteza na riziki ya siku zile.

Mwaka huu Kamati ililetewa shauri la mwanachama wetu mmoja, mama auzaye mboga sokoni. Alinunua simu ya kisasa kwa shilingi 23,500, fedha alizoziweka kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane. Waranti aliyopewa ilikuwa ya miezi 12. Katika mwezi wa kumi na nne simu ikazimika usiku ikiwa mezani, wala haikuwaka tena. Haikuwa imeanguka, wala haikuwa imeingia maji. Aliporudi dukani, kijana wa duka aliitazama tarehe ya risiti, akamrudishia simu mkononi, akasema, "Mama, waranti imeisha. Nunua nyingine." Mama akashika njia akaenda zake. Wengi wetu tungalifanya vivyo hivyo, kwa kuwa twaamini kwamba karatasi ikiisha, na haki imekwisha. Imani hiyo si kweli, na ndiyo tuliyokuja kuing'oa leo.

Yafaa tujue kwamba anunuaye kitu dukani hupewa ahadi mbili, si moja. Ya kwanza ni waranti. Hiyo ni ahadi ya hiari ya mtengenezaji au ya mwenye duka: asema kwamba kitu kikiharibika katika miezi kadha atakitengeneza bila ubishi mwingi. Muda wake aupanga yeye mwenyewe, na ukiisha, ahadi hiyo imekwisha kwa haki kabisa.

Ahadi ya pili haitoki kwa mtengenezaji, yatoka kwa sheria. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1893, yasema kwamba mfanyabiashara auzapo bidhaa za biashara yake, bidhaa hizo sharti ziwe za hali inayofaa kuuzwa na kununuliwa. Ahadi hiyo imo ndani ya kila mauzo ya namna hiyo, hata kama haikuandikwa popote. Tena Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zipasazo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa. Kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, Nambari 46 ya mwaka wa 2012. Hiyo yasema kwamba neno lolote katika mapatano linalotaka kuziondoa dhamana za sheria ni batili. Kwa hiyo maandishi yale madogo chini ya risiti, yasemayo kwamba baada ya miezi 12 duka halina jukumu lolote, hayawezi kuifuta sheria ya nchi.

Isitoshe, mwenye kujibu kwanza ni duka lililopokea fedha zako. Mara nyingi mnunuzi huambiwa, "Nenda kwa kampuni iliyotengeneza." Mapatano ya mauzo yalikuwa kati yako na mwuzaji. Yeye akitaka kumdai mtengenezaji, hayo ni mambo yao wawili.

Lakini, Wazee wetu, tusije tukadhani kwamba sheria yamtaka mwuzaji atupe simu ya milele. Kila kitu huchakaa. Betri ya simu hupungua nguvu kwa kadiri inavyotiwa chaji, na hilo si kosa la mtu. Simu iliyoangushwa ikapasuka kioo, au iliyotumbukia majini, mzigo wake ni wa mwenyewe. Simu nyingi zina alama ndogo ndani ambayo hugeuka rangi ikiguswa na maji, na fundi akifungua huiona mara moja. Swali la sheria ni hili: je, kasoro hii ilikuwamo tangu siku ya mauzo, ikijificha, hata ikajitokeza baadaye? Je, simu ya bei hii, iliyotunzwa vizuri, yapasa kudumu muda gani kwa mtazamo wa mtu mwenye busara? Simu ya shilingi 5,000 haipimwi kwa kipimo kimoja na simu ya shilingi 60,000.

Huenda mtu akauliza, kipimo hicho chatoka wapi? Hapa kwetu sheria haikutaja idadi ya miezi. Yafaa tutazame wenzetu wa mbali, kwa kuwa makampuni yanayowauzia wao hutuuzia na sisi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka wa 1999 liliweka dhamana ya sheria ya miaka miwili kwa bidhaa mpya. Na tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko hilo sharti ziwe na betri inayoweza kutiwa chaji kamili mara 800 na bado ikabaki na angalau asilimia 80 ya nguvu zake za kwanza. Hata uharibifu uletwao na programu haukusamehewa. Mwaka wa 2018, wasimamizi wa ushindani wa Italia waliwatoza faini Apple na Samsung kwa sababu ya programu mpya zilizozorotesha simu za zamani za wateja. Sheria hizo haziwafungi waamuzi wetu. Hata hivyo, zatupa hoja: ikiwa huko mtengenezaji aweza kutazamiwa kutoa simu ya kudumu miaka miwili, kwa nini hapa tuambiwe kwamba miezi kumi na minne ni umri wa uzee?

Sasa twaja kwenye jambo la ushahidi, na hapa ndipo wengi huanguka. Mbele ya sheria, adaiye jambo ndiye apaswaye kulithibitisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo risiti na kasha la simu viwekwe mahali pamoja. Kwa kuwa wino wa risiti nyingi hufifia, risiti ipigwe picha siku ile ile na kuhifadhiwa mahali pengine pasipo simu hiyo. Nambari ya IMEI, ambayo hupatikana kwa kubonyeza *#06#, iandikwe daftarini, ili asiwepo wa kusema kwamba simu hii siyo iliyouzwa. Na simu ikiharibika, isifunguliwe na kila fundi wa barabarani, kwa kuwa duka litasema kwamba mkono wa fundi ndio ulioiua. Yafaa kwanza duka liarifiwe kwa maandishi, kisha ichunguzwe na fundi mmoja anayejulikana, naye aandike kwa sahihi yake alichokiona na sababu anayoidhania.

Barua iwe fupi na ya adabu. Itaje tarehe ya kununua, bei, kasoro, na jambo linaloombwa, pamoja na siku za kungojea jibu. Tena tuombe kwa kiasi. Mtu aliyekwisha kuitumia simu kwa muda mrefu kwa kawaida hawezi kuirudisha na kudai fedha zake zote. Haki yake huwa ni fidia, kama vile gharama ya matengenezo. Mwenye kudai kilicho chake tu husikilizwa upesi kuliko mwenye kudai na cha mwenziwe.

Duka likikataa, njia bado ipo. Kama mnunuzi alidanganywa juu ya ubora wa simu au juu ya haki zake, malalamiko yaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na kama ni deni la fidia, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, ambayo ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai aweza kujisemea mwenyewe pasipo wakili. Sheria yataka shauri liamuliwe katika siku 60 tangu kufunguliwa. Madai ya mapatano kwa kawaida yaweza kuletwa kabla ya miaka sita kupita tangu mapatano yalipovunjwa, lakini anayengoja hukuta ushahidi umepotea.

Turudi kwa shauri la mama yetu. Kamati ilimsaidia kuandika barua, na fundi aliichunguza simu akaona kwamba sehemu inayosimamia umeme katika bodi ilikuwa imeungua, wala hapakuwa na dalili ya maji au pigo. Mwenye duka alikataa barua ya kwanza. Barua ya pili ilipofika pamoja na maandishi ya fundi, alimwita mama, wakaketi pamoja na wajumbe wawili wa Kamati. Mwishowe alikubali kuweka bodi mpya kwa gharama yake, na mama akalipa shilingi 1,500 za kazi. Hatukufika mahakamani. Mama alikaa wiki tano bila simu, na wateja wengine hawakurudi. Hasara hiyo haikulipwa. Lakini hakununua simu ya pili kwa fedha za karo.

Haki hutuambia tutaje na shauri la pili, ambalo Kamati ililikataa. Mwanachama mwingine alileta simu ya miezi kumi na mitano, akitaka tuliandikie duka. Fundi alipoifungua alikuta kutu, na mwenyewe akakiri kwamba alinyeshewa nayo. Tulimwambia kwa upole kwamba hana dai. Baadhi yenu ni wenye maduka, nanyi ni ndugu zetu katika chama hiki. Jina la chama lisitumiwe kuwatisha watu wasio na kosa. Barua yetu itakuwa na nguvu siku zote ikiwa haijawahi kubeba uongo.

Kwa hayo, Kamati yaleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano. Kwanza, katibu aweke daftari la wanachama wapendao kuhifadhi nakala za risiti zao za vitu vya thamani. Pili, wachaguliwe wanachama watatu, mmoja wao awe mwenye duka, wa kuyasikiliza malalamiko kabla barua haijaandikwa. Tatu, chama kimsaidie kwa mkopo mdogo wa ada ya mahakama mwanachama ambaye shauri lake limeonekana kuwa la haki.

Mama yule aliondoka dukani mara ya kwanza bila neno kwa sababu alikuwa peke yake na hakujua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Twawaomba, Wazee na wanachama, myafikirie mapendekezo hayo na kuyapigia kura kabla mkutano haujafungwa.