Zebaki Kwenye Krimu

Kutoka maduka ya vipodozi ya River Road hadi vibanda vya Kawangware jijini Nairobi, krimu za kung'arisha ngozi bado zinauzwa, nyingine kwenye vikopo visivyo na orodha ya viambato. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilishapiga marufuku zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Zebaki hupenya ngozi, huharibu figo na kumfikia mtoto tumboni. Ukiiosha bafuni, huishia mitoni na kuingia kwenye samaki. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki. Basi wakaguzi wasisubiri msako wa msimu; wauzuie mzigo wa krimu hizi mpakani. Nawe msikilizaji, kopo lisilotaja kilichomo liache dukani. Weupe haununuliwi kwa figo.