Mwizi wa urani alitaka jokofu

Leo tuzungumze juu ya sinema ya James Bond iitwayo Octopussy, iliyotoka mwaka 1983. Bila shaka wengi wenu mmeiona, kama si kwenye jumba la sinema basi kwenye mkanda wa video. Jasusi 007 humo ni Roger Moore.

Kisa chenyewe ni hiki. Jenerali mmoja wa Kisovieti, Orlov, anaiba johari za hazina ya Kremlin na kuweka za bandia mahali pake. Za kweli zinatoroshwa kwa magendo na kundi la sarakasi lisafirilo kwa treni. Lakini njiani johari zinaondolewa, na badala yake linawekwa bomu la nyuklia. Bomu hilo lilipuke katika kambi ya ndege za Kimarekani, Ujerumani Magharibi, ili dunia idhani ni ajali ya bomu la Wamarekani wenyewe. Hapo Ulaya itadai silaha hizo ziondolewe, na majeshi ya Kisovieti yatapata njia. Bond anajipaka rangi usoni, anavaa nguo za mchekeshaji wa sarakasi, na kulizima bomu dakika ya mwisho.

Hofu ile haikuwa ya kubuni. Mwaka huo huo wa 1983, mamia ya maelfu ya watu waliandamana Ujerumani Magharibi kupinga makombora ya Kimarekani aina ya Pershing.

Ugomvi wangu na sinema hii ni mmoja. Inatufundisha kwamba wa kuogopwa ni jenerali mwenye wazimu, na wa kutuokoa ni shujaa mmoja. Ukweli ulipokuja, haukuja hivyo.

Mwaka 1992, baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, bei za vitu zilipanda Urusi na mishahara ikawa haina maana. Katika mji wa Podolsk, karibu na Moscow, mfanyakazi mmoja wa taasisi ya nyuklia alianza kuchukua urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, kidogo kidogo kila mara. Kila aliyewahi kufanya kazi ya ghala analijua neno "upungufu wa kawaida". Taasisi ile nayo ilikubali kwamba kiasi fulani kitapotea kazini. Mtu huyu akahakikisha kinachopotea ni kidogo kuliko kinachoandikwa, na tofauti akaenda nayo nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba: kwa miezi michache alipata kama kilo 1.5. Hazikutosha bomu, lakini ni mali ambayo haikupaswa kutoka hata gramu moja.

Na alitaka nini? Jokofu na jiko jipya.

Hakukamatwa na jasusi yeyote. Alikamatwa katika kituo cha treni akiwa na watu ambao polisi waliwashuku kwa wizi wa betri. Laiti wangesafiri siku tofauti, sijui mzigo ule ungefika wapi.

Wala tusiseme ni mambo ya Warusi tu. Fito mbili za urani zilitoweka kwenye kinu cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Kinshasa. Mmoja ulikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Wa pili haukuonekana.

Ndugu wasikilizaji, Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kabla ya shujaa wa dakika ya mwisho, anahitajika karani anayepima mzani kila jioni na kuuliza gramu tano zimekwenda wapi. Anahitajika mlinzi mwenye mshahara unaomfikisha mwisho wa mwezi. Hakuna atakayewatengenezea watu hao sinema. Lakini wakikosekana, Bond akifika atakuta treni imeshaondoka.

Kwaherini, hadi juma lijalo.