Mwanzilishi Anapogeuka Mwekezaji: Nani Ataweka Mtaji Mbagala?



Mada hii inahusu njia ambayo katika Afrika Mashariki imepitiwa na wachache: mtu anaanzisha kampuni ya teknolojia, anahangaika nayo, kisha anaacha kutafuta mtaji na kuwa mtoaji wa mtaji kwa wenzake. Hapa Dar es Salaam tumezoea kuamini kwamba njia hiyo hufunguka mtu akishauza kampuni yake kwa mabilioni. Kwa imani hiyo tunawasubiri matajiri wa teknolojia wajitokeze kwanza, ndipo vijana wa Kinondoni na Temeke wapate wa kuwaamini. Mimi nasema tunasubiri kisichohitajika. Kinachomfanya mwanzilishi awe mwekezaji mzuri ni ujuzi wa kuona thamani pale ambapo benki inaona hatari tupu, na ujuzi huo tayari upo katika jiji hili.

Tuanze na jirani. Erik Hersman, aliyekulia Sudan na Kenya, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, mfumo uliobuniwa katika siku za vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ili wananchi waripoti kwa simu yaliyokuwa yakiwapata. Ushahidi haikuwa kampuni ya faida. Hakuna aliyeiuza, wala hakuna aliyetajirika kwa hisa zake. Mwaka 2010 Hersman alisaidia kufungua iHub jijini Nairobi, mahali ambapo waandika programu walipata intaneti, meza na wenzao wa kubishana nao. Mwaka 2012 yeye, Mbwana Alliy mwenye asili ya Tanzania, na Mmarekani Paul Bragiel wakaanzisha Savannah Fund, mfuko uliolenga kukusanya dola milioni 10 na kuingiza kuanzia dola 25,000 katika kampuni changa. Hakukuwa na utajiri wa Ushahidi wa kuwekeza. Hersman alikuja na miaka ya kuwajua vijana waliokaa kwenye meza zile: nani humaliza kazi aliyoianza, nani hukimbia tatizo, na mradi upi umetokana na shida ya kweli ya mtu wa mtaani. Fedha za wengine zilikuja kwa sababu ya ujuzi huo.

Ujuzi huo unaonekana vizuri ukisogea karibu. Chukua kibanda cha wakala wa fedha za simu pale Mbagala Rangi Tatu, wilaya ya Temeke. Mezani kuna simu tatu au nne za batani, kila moja na mtandao wake, na daftari la miamala lililopigwa mistari kwa rula. Ikifika mchana, wateja wamekuja kutoa pesa tangu asubuhi. Floti, yaani salio la kielektroniki, imejaa simuni lakini droo haina noti. Kibanda cha jirani kina noti tele, floti imekauka. Wakala anamtuma kijana akimbie na bahasha, au anamwambia mteja arudi jioni, na kamisheni ya muamala ule inampita. Mtu aliyesoma ripoti tu atasema biashara ya uwakala imejaa na haina nafasi mpya. Mtu aliyewahi kujenga mtandao wa mawakala ataona kwamba hapo pana tatizo linalolipa, na atajua maswali ya kumuuliza kijana anayedai kulitatua. Watu hao tunao. Maxcom Africa, iliyoanzishwa na vijana wa Kitanzania na kujulikana mitaani kwa jina la Maxmalipo, ilikua kwa kuuza umeme wa LUKU kupitia mawakala, na mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016 ilishughulikia malipo ya nauli. Waliopitia kazi ya namna hiyo wana elimu ambayo hakuna chuo kinachoifundisha.

Swali linabaki: kwa nini kijana wa Tandika mwenye programu nzuri hakutani nao? Sababu moja ni aina ya fedha tuliyomwekea mbele. Benki inataka hati ya nyumba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema, na mama anayeuza vitumbua au kundi la mafundi cherehani linaweza kurejesha kidogo kidogo kwa sababu mauzo huanza wiki ileile. Programu haiko hivyo. Inaweza kuandikwa mwaka mzima bila kuingiza shilingi, na rejesho la kila mwezi huiua kabla haijazaliwa. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya matatizo ya marejesho na usimamizi, ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mjadala wa wakati ule ulikuwa juu ya nani kalipa na nani hajalipa. Sikusikia wengi wakiuliza kama mkopo ndio chombo sahihi kwa kila biashara. Mtaji wa ubia, unaotolewa kwa hisa bila dhamana wala marejesho, unamfunga mtoaji ashirikiane na mjasiriamali katika hasara kama katika faida. Ndiyo maana mtoaji lazima awe anaijua kazi.

Kuna watakaosema mtaji huo ni anasa ya Nairobi, na kwamba Tanzania haina fedha za kuchezea. Lakini fedha zimekwisha kuja. Kampuni ya teknolojia ya Ramani ilipata dola milioni 32 mwaka 2022, na kampuni ya NALA, aliyoianzisha Benjamin Fernandes mwaka 2017, ikapata dola milioni 40 mwaka 2024. Fedha hizo za nje hufika kampuni ikishasimama. Pengo liko chini kabisa, kwenye shilingi milioni 20 au 30 za mwanzo, kiasi ambacho waanzilishi watano au sita waliokwisha kusimama wanaweza kuchangia pamoja. Pingamizi zito zaidi ni hili: kampuni changa nyingi hufa, na Temeke si mahali pa watu wenye akiba ya kupoteza. Nalikubali, na kwa sababu hiyo nasema fedha za vikoba na upatu zisiguswe kabisa. Akiba ya ada ya mtoto haipaswi kubeba hatari ya programu ya mtu mwingine. Hatari hiyo ibebwe na anayeweza kupoteza na bado chakula kikapikwa nyumbani kwake.

Wengine wana hofu kwamba mwanzilishi aliyegeuka mwekezaji humfadhili anayefanana naye: aliyesoma naye, anayezungumza Kiingereza kama yeye, anayekaa karibu na ofisi yake. Hofu hii ina msingi, na ramani ya jiji inaithibitisha. Kituo cha ubunifu cha Buni Hub na atamizi ya DTBi, inayolea kampuni changa, zilianzia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Kijitonyama, wilaya ya Kinondoni. Jumanne Mtambalike, aliyewahi kuisimamia Buni kabla ya kuanzisha Sahara Ventures, ni mfano wa karibu zaidi tulionao wa mtu aliyetoka kulea vijana akaingia kwenye uwekezaji, na chimbuko lake ni mtaa uleule. Kijana wa Mbagala anayetaka kusikilizwa huko hupanda daladala mbili, hulipa nauli kwenda na kurudi, hupoteza siku ya kibarua, na akifika hukutana na fomu ya Kiingereza. Wengi huishia njiani kabla hata wazo lao halijapimwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa waanzilishi waliomo ukumbini ni dogo na linawezekana mwaka huu. Ungeni kikundi cha wawekezaji, kila mmoja aweke kiasi asichokitegemea kwa maisha, na vikao vya kusikiliza vijana vifanyike Temeke, kwa Kiswahili, siku ya Jumamosi. Na kwa Manispaa ya Temeke: toeni ukumbi bure.