Kipimo cha Kuni Katika Kukausha Nyama kwa Moshi

Nimeombwa niseme machache juu ya kukausha nyama kwa moshi nyumbani, na hasa juu ya kiasi cha kuni.

Wengi wetu twadhani kwamba moshi ukizidi ndipo nyama ipatapo ladha. Sivyo. Moshi mzito mweupe ni alama ya kuni zisizoungua sawasawa. Huacha juu ya nyama utando mweusi, mchungu, na nyama ikiisha kuwa chungu haina dawa. Mwenyewe amepata hasara ya nyama na ya kuni pia. Tena katika moshi mna sumu ziwezazo kuleta saratani. Kwa ajili hiyo nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2014, zimeamuru kwamba kilo moja ya nyama ya moshi isiwe na zaidi ya maikrogramu 2 za benzopaireni, mojawapo ya sumu hizo.

Basi tujue kwamba moto una kazi mbili. Katika pipa la chuma lenye waya wa kuwekea nyama, joto latoka kwa makaa, na ladha yatoka kwa kuni. Atakaye joto, na aongeze makaa. Atakaye ladha, kuni chache zamtosha, maana nyama hupokea moshi zaidi mwanzoni, ingali na unyevu juu yake.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: kwa kuku mmoja, vipande 2 vya ukubwa wa ngumi, kwa pande kubwa la nyama ya ng'ombe, vipande 3 au 4. Viwekwe kimoja kimoja juu ya makaa yaliyokwisha kushika vema, na matundu ya pipa yawe wazi, moto upate hewa. Moshi ufaao ni mwembamba, wenye rangi ya samawati.

Kuni ziwe kavu. Kuziloweka hakufai, kwa kuwa maji hayaingii ndani sana. Hugeuka mvuke na kuupoza moto. Mpera hufaa. Msonobari haufai kwa sababu ya utomvu wake, wala mnyaa wenye sumu, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Je, mtu ajifunzeje? Na awe na daftari. Kila mara aandike idadi ya vipande, saa zilizopita, na maneno ya walaji. Abadili jambo moja tu kila mara. Vipande 2 vikileta ladha hafifu, mara ya pili atie 3. Ladha hafifu yaweza kuzidishwa siku nyingine, lakini uchungu hauondoki.

Pipa lisiwashwe ndani ya nyumba, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Kuku aive mpaka ndani, joto la digrii 74. Na nyama ya moshi wa saa chache iliwe upesi, kwani moshi huo peke yake hauizuii kuoza.

Ndugu zangu, mama zetu huenda mbali kutafuta kuni. Kila kipande kisichotupwa motoni bure ni mzigo waliopunguziwa vichwani.