Maji ya Milimani



Leo twende ugenini kidogo. Kaskazini-magharibi ya Uingereza iko nchi ya maziwa na milima, iitwayo Cumbria. Watu hutoka mbali kuizuru. Milima yenyewe si mirefu. Scafell Pike, ulio mkubwa kuliko yote, una mita 978 tu, na Mlima Kenya wetu una 5,199. Lakini mvua haikosi, kondoo hulisha hadi juu, na maziwa yanang'aa. Mgeni hutazama akamshukuru Mungu, na ni vema ashukuru.

Ziwa moja huko ni Haweswater. Mgeni asiyeambiwa hajui kwamba chini ya maji yale palikuwa na kijiji, Mardale Green, na kanisa lake dogo. Mji wa Manchester ulihitaji maji. Bunge likatoa ruhusa mwaka 1919, na ukuta ukaanza kujengwa 1929. Agosti 1935 ikafanywa ibada ya mwisho. Kanisa halikutosha, wengi walisimama nje wakasikiliza kwa vipaza sauti. Hata wafu walihamishwa: miili 97 ilifukuliwa ikazikwa Shap. Miaka ya ukame, kama 1984 na 1995, kuta za mawe za kijiji zilionekana tena, na watu wakaja kuzitazama.

Sisi wa Tana habari hii twaielewa upesi. Mto wetu hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, na huko juu yako maziwa yaliyofanywa kwa mikono: Masinga, 1981, na Kiambere, 1988, kwa ajili ya umeme, Ndakaini, 1994, kwa maji ya Nairobi. Nayo ni mazuri machoni. Lakini mkulima wa Kipokomo hungoja mto ufurike kwa majira yake, uloweshe shamba la mpunga na kuliachia rutuba. Mabwawa yamepunguza mafuriko yale mema. Nayo yakijaa pomoni, kama mwaka 2024, maji hutushukia na watu wakahama.

Je, watu wa Nairobi wasinywe? La, sisemi hivyo. Mtoto wa mjini naye ana kiu. Fungueni 2 Samweli 23. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake uhai wa wale watatu. Daudi aliuliza maji yamelipiwa na nani. Wenye mabomba ni wachache waulizao.

Lakini ndugu zangu, msiwaelekezee kidole wa Nairobi peke yao. Kiangazi kikikaza, Mworma huja mtoni na ng'ombe wake, akakuta malka, njia ya kunyweshea mifugo, imelimwa migomba. Naye mkulima huamka akakuta shamba limeliwa. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika delta yetu.

Wazee wa kanisa, kaeni na wazee wa Kiorma kabla ya kiangazi, si baadaye. Tembeeni pamoja ukingoni, mkubaliane malka zipi ziachwe wazi. Bwana awe nanyi.