Sabuni Itengenezwayo na Bakteria

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Njoro)



Kamati ya elimu tumeombwa tuseme juu ya sabuni itengenezwayo na bakteria. Tunajua wengine mmecheka, maana sote tumefundishwa kuwa sabuni ni ya kuua vijidudu, si vijidudu kutengeneza sabuni. Lakini jambo hili ni kweli, nalo latuhusu sisi tuoshao mitungi ya maziwa, mashine na sakafu za viwanda.

Sabuni yo yote ina upande upendao maji na upande upendao mafuta. Hushika mafuta huku na maji huku, uchafu ukaondoka. Sabuni nyingi za unga tutumiazo kazini hutokana na mafuta ya petroli au ya mawese. Sasa wako bakteria wakaao udongoni, hata katika ule mweusi wa gereji uliomwagikiwa oili, ambao hujitengenezea kitu cha namna hiyo ili mafuta yavunjike vipande vidogo, wapate kuyala. Mwaka 1949 wataalamu wa Marekani walieleza ramnolipidi, itokayo kwa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Mwaka 1968 Wajapani wakaeleza safaktini ya Bacillus subtilis, bakteria yule yule wamtumiaye kuchachusha maharage ya soya, wakala.

Vitu hivi huoza upesi vikifika majini. Kwetu hilo si neno dogo. Mto Njoro watoka Mau, wapita hapa, waishia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mlango wa kutokea. Kisichooza hubaki humo.

Tena bakteria hao hawachagui sana chakula. Hula molasi, maji yabakiyo baada ya kugandisha jibini, na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Wenye kusifu kazi hii huviita vitu hivyo takataka, kana kwamba havina mwenyewe. Sisi hatukubali. Molasi ni chakula cha ng'ombe. Kiwanda kikianza kuigombea, mwenye ng'ombe wawili ndiye atakayeumia kwanza. Maji ya jibini hunyweshwa nguruwe. Mafuta machafu ya chipsi ndiyo tunayoyaona yafaa zaidi, maana yakimwagwa huziba mifereji, na kuyakusanya kwataka watu na mikokoteni, yaani kazi.

Lakini tusidanganyane kuwa sabuni hii itakuwa rahisi kesho. Chakula cha bure hakitoshi. Tangi lipulizwapo hewa hutoa povu likafurika, na kutenga sabuni kutoka katika maji yale hukadiriwa kula karibu asilimia 60 ya gharama yote. Ndiyo sababu kampuni ya Evonik ilitumia mamilioni mengi ya fedha kujenga kiwanda kikubwa cha ramnolipidi huko Slovakia, kilichoanza kutoa bidhaa mwaka 2024. Bakteria wao hulishwa sukari ya mahindi, wala si yule wa mwaka 1949. Wamemtumia ndugu yake asiye na madhara, Pseudomonas putida. Hapa tega sikio, ndugu. Yule aeruginosa huingia katika vidonda na majeraha ya moto, na hospitalini husumbua sana kwa kuwa dawa nyingi hazimwezi. Kwa hiyo mtu akija kwetu na tangi lake, swali la kwanza si mshahara. Ni jina la bakteria aliyemo.

La pili ni mali ya nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa kigeni walichukua bakteria katika maziwa yetu ya magadi. Kutokana nao kampuni ya Genencor ya Marekani ilipata kimeng'enya cha kupausha nguo za jinzi na kutiwa katika sabuni za kufulia. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likalalamika hadharani kuwa nchi haikupata fungu lake. Mwaka 2007 shirika hilo likatia sahihi mapatano na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark. Basi tumeona yawezekana kuandikiana kabla, wala si kulia baadaye. Na mkataba wa Nagoya, uliotiwa nguvu mwaka 2014, wasema mapato ya viumbe wa nchi yagawanywe kwa haki. Viumbe wa udongo wa Njoro nao wamo.

Twataka basi, kiwanda cha namna hii kikija, jina la bakteria na hatari zake libandikwe ukutani kwa Kiswahili, glavu na miwani vitolewe bila kukatwa mshahara, na vibarua wa kukusanya mafuta waandikwe kama wafanyakazi wengine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi; wengi wenu mwafanya kazi mahali pa namna hiyo, na kamati hamjaiona. Tuanzie hapo, tangi lije lisije.

Wale mfanyao kazi jikoni, katika mahoteli na mashule, pimeni mafuta machafu yatupwayo kwa juma moja. Mleteeni karani wa tawi hesabu hiyo kabla ya mkutano ujao.